Bibi Montessori na Vizibo vya Mti
Bibi Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari Roma mwaka 1896. Mwanawe Mario, aliyezaliwa 1898 nje ya ndoa, alilelewa na watu wengine shamba.

Mwaka 1907 Bibi huyu alifungua nyumba ya watoto wa makabwela mtaani San Lorenzo, Roma. Aliwapa vibao vya rangi wavipambanue, na vizibo vya mti, kila kimoja na tundu lake. Mtoto akikosea, kizibo cha mwisho hukosa pa kuingia. Basi hujirudi mwenyewe, bila ya fimbo wala karipio.

Mario alirejea kwa mamake akiwa kijana, akawa msaidizi wake hadi Bibi alipofariki Uholanzi, mwaka 1952. Wazazi na walimu wa vyuoni, hapa pana la kuzingatia.