Jerrold Zacharias

Jerrold Reinach Zacharias (Jacksonville, Florida, 23 Januari 1905 – Belmont, Massachusetts, 16 Julai 1986) alikuwa mwanafizikia wa Marekani na profesa wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kinachojulikana kwa kifupi kama MIT. Katika sayansi anakumbukwa kwa mchango wake katika kutengeneza saa ya atomu. Katika elimu anakumbukwa kama kiongozi wa mageuzi yaliyotumia filamu na vifaa rahisi ili wanafunzi wajifunze sayansi kwa kuuliza na kuchunguza. Mageuzi hayo yalifika hadi Afrika ya Mashariki.

Maisha ya awali

Zacharias alisoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, hadi kupata shahada ya uzamivu. Katika miaka ya 1930 alifundisha Hunter College, na wakati huohuo alifanya utafiti katika maabara ya Isidor Rabi, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel. Alimwoa Leona Hurwitz, ambaye naye alikuwa mwanasayansi, wakapata mabinti wawili.

Kazi ya fizikia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi ya rada huko MIT. Mwaka 1945 alikuwa kwa muda Los Alamos, mahali ambapo bomu la atomu lilitengenezwa. Baada ya vita alirudi MIT kama profesa.

Katika miaka ya 1950 alishughulikia saa inayopima wakati kwa mitetemo ya atomu za sesiamu. Alijaribu kwanza kurusha atomu juu, kama maji ya chemchemi, ili azipime zikipanda na kushuka. Jaribio hilo halikufaulu, kwa sababu atomu zenye mwendo wa polepole zilikuwa chache mno. Hata hivyo, saa yake ndogo zaidi ilifaulu, na mwaka 1956 ilianza kuuzwa kwa jina la Atomichron. Tangu mwaka 1967 sekunde hupimwa rasmi kwa mitetemo 9,192,631,770 ya sesiamu. Wazo la chemchemi nalo lilifanikiwa miaka mingi baadaye, wanasayansi walipoweza kupoza atomu kwa mwanga wa leza.

Mageuzi ya ufundishaji

Mwezi Machi 1956 Zacharias alimwandikia rais wa MIT, James Killian, akipendekeza zitengenezwe filamu 90 za fizikia kwa shule za sekondari, kila moja ya dakika 20. Aliona kwamba wanafunzi wengi walikariri kanuni na orodha za mashine bila kujua wanasayansi wanazipataje kanuni hizo. Mwaka huohuo iliundwa kamati iliyojulikana kama PSSC, iliyokusanya wanasayansi na walimu.

Kamati ilitambua mapema kwamba filamu peke yake hazitoshi. Mwanafunzi anayetazama tu bado hajachunguza kitu. Kwa hiyo filamu ziliunganishwa na kitabu cha kiada, mwongozo wa mwalimu, mitihani mipya na vifaa vya maabara. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kurusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, serikali ya Marekani iliongeza fedha nyingi kwa kazi hiyo. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Zacharias mwenyewe alionekana katika filamu kuhusu shinikizo la mwanga.

Vifaa vilikusudiwa kuwa vya bei nafuu. Kengele ya umeme ya mlangoni iligeuzwa kuwa kipima muda: kinyundo chake kiligonga alama kwenye utepe wa karatasi uliovutwa na kigari, na mwanafunzi akapima nafasi kati ya alama ili kujua mwendo umeongezeka kiasi gani. Beseni la maji lenye sakafu ya kioo, likimulikwa kwa taa kutoka juu, lilionyesha vivuli vya mawimbi kwenye karatasi iliyo chini yake. Filamu ilitumika kwa yale yasiyowezekana darasani, mwanafunzi akafanya mwenyewe yale yanayowezekana.

Mwaka 1961 Zacharias alipewa Medali ya Oersted na Chama cha Walimu wa Fizikia cha Marekani.

Afrika

Katika kiangazi cha mwaka 1961 Zacharias aliongoza mkutano wa wanasayansi na waelimishaji, wakiwemo Waafrika, karibu na Boston. Walijadili elimu katika nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Matunda ya kwanza yalikuwa vitabu vya hisabati vilivyoandikwa Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 1962. Mwaka 1965 ulifuata mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliozihusisha Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Ghana, Nigeria na Sierra Leone.

Humo vifaa vilikuwa vile vinavyopatikana kijijini: mchanga, nyasi, mbegu, udongo wa kutengenezea rangi, na mdudu mdogo anayechimba shimo mchangani ili kutega sisimizi. Mtoto alimtazama mdudu huyo, akauliza swali, kisha akatafuta jibu kwa kujaribu. Kwa msingi huo, shule iliyo mbali na mji, kama zile za Mbwera katika delta ya Rufiji, ina maabara tayari: maji kupwa na kujaa, kaa wa mikokoni, na matope yanayoletwa na mto.

Mtafiti Eleanor Duckworth aliutathmini mpango huo nchini Kenya. Aliwapa watoto vifaa bila maelekezo, akaangalia wanavyovitumia. Watoto waliopitia mpango walibuni mambo mengi na yenye undani kuliko wenzao wasioupitia.

Ukosoaji na urithi

Mafanikio hayo yalikuwa na mipaka. Nchini Marekani kozi ya PSSC ilionekana ngumu kwa wanafunzi wengi, wala haikuongeza idadi ya wanaochagua fizikia kama ilivyotarajiwa. Barani Afrika madarasa makubwa, uhaba wa walimu waliofunzwa njia hiyo, na mitihani iliyoendelea kupima kumbukumbu viliwarudisha wengi kwenye kukariri. Mwaka 1970 kazi ilikabidhiwa kwa chombo cha Waafrika wenyewe, SEPA, kilichokuwa na makao yake Accra.

Swali alilolishughulikia Zacharias limebaki hai katika zama za kompyuta na simu. Chombo kipya kinaweza kumwonyesha mwanafunzi majibu tayari, au kumsaidia kupima na kulinganisha mwenyewe. Uzoefu wa PSSC ulionyesha kwamba tofauti hiyo hutokana zaidi na kazi anayopewa mwanafunzi, na maandalizi ya mwalimu wake, kuliko chombo chenyewe.