Houdini: Mfalme wa pingu aliyewabeba wenzake, na wengine akawachoma

Ukiwa kijana wa mazingaombwe hapa Kitengela, mtazamaji aliyekutupia soo siye wa kuogopa. Wa kuogopa ni msee wa kazi kama yako, amesimama nyuma ya umati, mikono kifuani, akingoja karata ikuponyoke. Ikiponyoka, anacheka. Isipoponyoka, anaropoka mahali umeificha. Shoo imekufa hapo hapo, na mkate wako nao.

Tabia hii si ya Kite pekee. Hata Harry Houdini, jina kubwa kuliko yote kwenye kazi hii, alikuwa nayo. Lakini pia alikuwa na upande mwingine, na huo ndio wa kuiga.

Houdini alizaliwa Machi 24, 1874, mjini Budapest, Hungaria, akiitwa Erik Weisz. Familia ilihamia Marekani akiwa na miaka minne. Babake alikuwa rabi na pesa nyumbani zilikuwa za kuhesabu, kwa hivyo hasla ilianza mapema. Alipenda sana habari za Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe wa Ufaransa, hadi akakopa jina lake na kuongeza i mwishoni.

Miaka ya kwanza ilikuwa kavu. Yeye na mkewe Bess, waliyeoana 1894, walizunguka na sarakasi na kumbi za bei ya chini. Mambo yalibadilika 1899, Martin Beck, mwenye kumbi za burudani, alipomwona akijifungua pingu. Beck alimshauri aachane na vitu vidogovidogo, ashikilie hapo. Mwaka uliofuata Houdini alikuwa London, na baada ya hapo Ulaya ikawa yake. Ilitosha mtu mmoja kumtazama kwa nia njema.

Umaarufu ulipokuja, waigaji nao wakaja. Mmoja, Kleppini, alijitangaza Ujerumani kwamba amemshinda Houdini. Kwa simulizi yake mwenyewe, Houdini alipanda treni hadi Dortmund, akaketi kati ya watazamaji akiwa amejibadilisha sura, kisha akaruka mbele kumpa changamoto. Kleppini akavishwa pingu, akashindwa kutoka. Sawa, huyo alikuwa amedanganya. Lakini 1908 Houdini alitoa kitabu kizima cha kumshambulia Robert-Houdin, yule yule aliyempa jina, mtu aliyekufa 1871 na asiyeweza kujitetea. Hapo, buda, alipita kiasi.

Sasa geuza karata. Mwaka 1903, akiwa Dresden, alilitafuta kaburi la Bartolomeo Bosco, bingwa wa zamani kutoka Italia, akalikuta limetelekezwa, akalinunua ili lisipotee. Mwaka huo huo alikuwa amemwandikia mzee Wiljalba Frikell, mwanamazingaombwe mstaafu aliyeishi karibu na hapo, akiomba kumtembelea. Mzee alikataa mwanzoni, baadaye akakubali. Houdini alipobisha hodi siku ya miadi, Frikell alikuwa amefariki muda mfupi kabla. Heshima aliyokuja nayo haikuwa na wa kupokea.

Kwa Harry Kellar hakuchelewa. Kellar alikuwa ndiye mkubwa Marekani kabla yake, na alikuwa amestaafu 1908. Novemba 11, 1917, Houdini, sasa akiwa rais wa Chama cha Wanamazingaombwe wa Marekani, alimshawishi apande tena jukwaani katika ukumbi wa Hippodrome, New York. Ilikuwa shoo ya kuchangia familia za waliokufa meli ya Antilles ilipozamishwa vitani. Mzee alipomaliza, alitaka kujiondokea kimya. Houdini akamzuia. Wenzao wakamkalisha kwenye kiti cha kubebwa, wakamwinua mabegani, okestra ikapiga wimbo wa kuagana.

Kellar naye alimpa Houdini kitu kikubwa kuliko makofi. Houdini alipotaka kujaribu kiinimacho cha kudaka risasi, mzee alimwandikia barua kumsihi aachane nacho. Akatii. Haukuwa woga: Machi 1918 msanii aliyejiita Chung Ling Soo alipigwa risasi jukwaani London akifanya kiinimacho hicho, akafa. Kumtakia mwenzako mema si kushangilia tu kila anachofanya. Wakati mwingine ni kumwambia ukweli, kwa faragha, kabla aumie.

Somo hilo Houdini mwenyewe hakulishika kila mara. Alijigamba kwamba akitazama kiinimacho mara tatu lazima akigundue. Mwaka 1922 huko Chicago, kijana Dai Vernon alimwonyesha karata iliyotiwa saini ikipanda juu ya pakiti, tena na tena. Houdini akashindwa, akashikilia kwamba karata ni mbili. Kumpongeza kijana kungemgharimu nini? Vernon aliishi maisha yake yote akijulikana kama mtu aliyemfumba macho Houdini.

Oktoba 31, 1926, Houdini alifariki Detroit akiwa na miaka 52, baada ya kidole tumbo kupasuka. Kwenye mazishi yake wanachama wenzake walivunja fimbo ya mazingaombwe juu ya jeneza. Wanamazingaombwe wengi huagwa hivyo mpaka leo.

Sasa wewe wa Kite, au wa Kajiado mjini: Jumamosi ukimkuta mwenzako ameitwa birthday ya mtoto, simama mbele, piga makofi wa kwanza. Ukiona karata imechungulia, angalia kando. Shoo ikiisha, mnunulie chai, mwambie alipofanya vizuri, kisha umwonyeshe ile karata ilichungulia wapi. Watoto hawatajua kitu, na wiki ijayo ni zamu yako kusimama pale mbele.