Robert Wangila, Bondia wa Kenya

Bila shaka umewahi kuwaona watoto wakiruka kamba. Jioni, kazi zikiisha, wasichana wawili hushika kamba huku na huku. Wa tatu huruka katikati, na wengine huhesabu. Sisi watu wazima hupita tukacheka. Tunadhani kuruka kamba ni mchezo wa watoto tu.

Lakini je, unajua kwamba mabondia hodari wa dunia nao huruka kamba? Huruka asubuhi, huruka jioni. Hawafanyi hivyo kwa kujifurahisha. Wanatafuta pumzi.

Katika somo hili utasoma habari za bondia mmoja wa Afrika Mashariki. Jina lake ni Robert Wangila. Utasoma jinsi alivyoshinda na jinsi alivyofariki. Pia utajifunza namna ya kujenga pumzi kwa kamba, hata kama wewe ni mkulima wa mpunga hapa Ubaruku na hujawahi kuvaa glovu.

1. Kijana wa Nairobi

Robert Napunyi Wangila alizaliwa mwaka 1967 katika mji wa Nairobi, nchini Kenya. Wakati huo nchi yake ilikuwa haijatimiza miaka 4 tangu ipate uhuru.

Siku hizo mchezo wa ngumi ulikuwa na wapenzi wengi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Philip Waruinge wa Kenya alipata medali ya shaba katika michezo ya Olimpiki. Mwaka huo huo Eridadi Mukwanga wa Uganda alipata medali ya fedha, na Leo Rwabwogo, naye wa Uganda, alipata ya shaba. Mwaka 1972 Waruinge na Rwabwogo walirudi, na kila mmoja akapata medali ya fedha.

Tanzania nayo haikuwa nyuma. Mwaka 1970 bondia wetu Titus Simba alikwenda Edinburgh, katika Uingereza, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Alirudi na medali ya fedha.

Kwa hiyo Wangila alikulia katika nchi yenye mifano ya kufuata. Lakini jambo moja lilikuwa bado. Hakuna bondia hata mmoja wa Afrika Mashariki aliyekuwa amepata medali ya dhahabu katika Olimpiki. Wengi walijaribu. Waliopata medali waliishia kwenye fedha na shaba.

2. Ngumi ni mchezo wa pumzi

Watu wengi hufikiri kwamba bondia hushinda kwa mikono minene. Sivyo. Mikono bila pumzi ni kama jembe bila mpini.

Hebu fikiri. Wakati wa Wangila, pambano la ngumi za ridhaa lilikuwa na raundi 3. Kila raundi ilikuwa ya dakika 3. Kati ya raundi na raundi, bondia alipumzika dakika 1. Jumla yake ni dakika 9 tu za kupigana. Unaweza kusema kwamba dakika 9 ni chache.

Basi jaribu kulima kwa dakika 3 bila kuinua mgongo, kwa nguvu zako zote. Utaona mikono inakuwa mizito na kifua kinawaka moto. Sasa fikiri kwamba mbele yako yuko mtu anayekupiga.

Bondia anapochoka, kwanza miguu hukataa. Halafu mikono hushuka. Mikono ikishuka, uso na kichwa hubaki wazi. Hapo ndipo anapopigwa. Ndiyo maana mwalimu wa ngumi huanza na miguu na kifua, kisha ndipo mikono.

3. Kamba inafanya kazi gani?

Kamba hufundisha mambo matatu kwa wakati mmoja. Huimarisha moyo na mapafu. Hufanya miguu iwe myepesi. Tena huzoesha mikono na miguu kwenda pamoja kwa mwendo mmoja. Na gharama yake ni ndogo. Kipande cha kamba ya katani kinatosha.

Ukitaka kujaribu, fuata maelezo haya.

Pima kamba yako. Kanyaga katikati ya kamba kwa miguu yote miwili. Vuta ncha zake juu. Zikifika kwenye makwapa, kamba inakufaa. Ikiwa ndefu mno itakutega miguu. Ikiwa fupi mno itakupiga kichwani.

Chagua mahali pazuri. Tafuta ardhi tambarare, isiyo na mawe wala saruji. Kiwanja cha udongo ni kizuri, maana hakiumizi magoti.

Ruka chini chini. Inua miguu kiasi cha kamba kupita tu. Tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, si kwa visigino. Zungusha kamba kwa viganja, si kwa mikono mizima. Anayeruka juu sana huchoka kabla ya wenzake.

Ongeza kidogo kidogo. Ruka siku 3 kwa juma, si kila siku. Mwili hujijenga unapopumzika.

Juma la 1: ruka nusu dakika, pumzika nusu dakika. Fanya hivyo mara 6.

Juma la 2: fanya vile vile, lakini mara 8.

Juma la 3 na la 4: ruka dakika 1, pumzika nusu dakika. Fanya mara 6.

Juma la 5 na la 6: ruka dakika 2, pumzika dakika 1. Fanya mara 3.

Juma la 7 na la 8: ruka dakika 3, pumzika dakika 1. Fanya mara 3.

Sasa jumlisha. Mara 3 za dakika 3 ni dakika 9. Umefikia muda wa pambano zima la Wangila.

Kama huna saa, hesabu miruko. Mtu anayeruka kwa mwendo wa kawaida huruka kiasi cha mara 100 kwa dakika. Kwa hiyo nusu dakika ni kama miruko 50. Hapo hesabu ulizojifunza darasani zitakufaa.

Utajuaje kama uko tayari kwenda mbele? Baada ya kupumzika, jaribu kusema maneno marefu kwa pumzi moja. Ukiweza, endelea. Usipoweza, rudia juma lile lile. Si aibu kurudia. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya goti, acha mara moja na uende zahanati. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wamwulize mganga kwanza. Na siku uliyoshinda shambani ukipalilia mpunga, iache kamba. Mwili wako umekwisha fanya kazi.

4. Medali ya dhahabu

Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi, nyumbani kwa Wangila. Alikuwa kijana wa miaka 19. Alipigana mbele ya watu wake na kupata medali ya dhahabu.

Mwaka uliofuata, 1988, alikwenda Olimpiki katika mji wa Seoul, nchini Korea Kusini. Alipigana katika uzito wa welta, yaani mabondia wasiozidi kilo 67. Huko walikusanyika mabondia wa nchi nyingi. Wangila alishinda mpaka akafika fainali.

Katika fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Baadaye, katika ngumi za kulipwa, alipata kuwa bingwa wa dunia. Lakini siku ile, katika raundi ya 2, Wangila alimwangusha. Pambano likaisha.

Hivyo Wangila akawa bondia wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 21. Wakenya wengine 4 walipata dhahabu Seoul mwaka huo, lakini wote walikuwa wakimbiaji. Yeye peke yake aliipata kwa ngumi. Mpaka leo hajatokea bondia mwingine wa Afrika Mashariki aliyefanya hivyo.

5. Ngumi za kulipwa

Medali ni heshima, lakini haijazi chungu. Baada ya Olimpiki, Wangila alikwenda Marekani. Akaingia katika ngumi za kulipwa na kuishi katika mji wa Las Vegas.

Ngumi za kulipwa si sawa na zile za ridhaa. Huko Seoul mabondia walivaa kofia za kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa hazivaliwi. Katika ngumi za ridhaa raundi zilikuwa 3. Katika ngumi za kulipwa zaweza kufika 10 au 12. Kwa hiyo kichwa hupigwa mara nyingi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi.

Wangila alishinda mapambano mengi, akashindwa machache. Mwezi wa Julai 1994 alipanda ulingoni huko Las Vegas kupigana na David Gonzales. Pambano lilikuwa gumu. Katika raundi ya 9 mwamuzi aliona kwamba Wangila anapigwa mno. Akalisimamisha.

Wangila hakukubali. Alikuwa bado amesimama kwa miguu yake, naye alitaka kuendelea. Alilalamika kwamba mwamuzi amekosea.

Muda si mrefu, alipokuwa amekwisha toka ulingoni, alizimia. Alipelekwa hospitali. Ubongo wake ulikuwa umeumia. Tarehe 24 Julai 1994 alifariki dunia. Alikuwa na miaka 26.

6. Tujifunze nini?

Ndugu msomaji, soma tena sehemu hiyo ya mwisho, kisha ufikiri. Miguu ya Wangila ilikuwa bado na nguvu. Kifua chake kilikuwa bado na pumzi. Moyo wake ulikuwa bado unataka kupigana. Lakini ndani ya kichwa mambo yalikuwa yamekwisha haribika, naye hakujua.

Pumzi hujengwa kwa mazoezi. Miguu hujengwa kwa mazoezi. Lakini ubongo haujengwi kwa kamba wala kwa kitu kingine chochote uvumilie kupigwa. Tena mtu mwenye pumzi nyingi anaweza kusimama muda mrefu na kuendelea kupigwa, wakati mchovu angekwisha kuanguka. Uvumilivu ni silaha nzuri, lakini hauna macho. Ndiyo maana yuko mwamuzi, na yuko mwalimu. Wao huona asiloliona bondia.

Basi kama vijana wa kijiji chenu wanataka kuanzisha mazoezi ya ngumi, msiwakataze kuruka kamba. Kamba itawapa afya, nao wataitumia hata mashambani. Lakini kabla ya kupigana, watafute mwalimu anayeujua mchezo, glovu na vifaa vya kukinga kichwa na meno. Na wakubaliane jambo moja tangu mwanzo: mwalimu akisema basi, ni basi. Kijana aliyepigwa kichwani, akaumwa kichwa, akatapika au akasinzia ovyo, asipelekwe nyumbani kulala. Apelekwe hospitali mara moja.

Wangila alituachia mambo mawili. La kwanza ni dhahabu ya Seoul, inayotuonyesha kwamba kijana wa Afrika Mashariki anaweza kuwa wa kwanza duniani. La pili ni kifo chake, kinachotuonya. Tuyachukue yote mawili.

Maswali

1. Robert Wangila alizaliwa mwaka gani, na wapi?
2. Taja mabondia wengine 3 wa Afrika Mashariki waliopata medali kabla yake.
3. Kamba ya kuruka hupimwaje?
4. Katika juma la 5 unaruka jumla ya dakika ngapi kwa siku?
5. Kwa nini ngumi za kulipwa zina hatari zaidi kuliko zile za ridhaa?
6. Jadilianeni darasani: je, mwamuzi alifanya vema kusimamisha pambano la Wangila? Je, alipaswa kulisimamisha mapema zaidi?