Mzee Singleton, seremala wa majeneza aliyewapeleka watu Kansas

Haya wadau, leo tuziache siasa za kila siku. Tukisikia habari za walowezi wa Marekani na zile nyanda za majani zisizo na mwisho, picha inayotujia ni ya wazungu watupu, kama kwenye sinema za kauboi. Mimi leo nawaletea mtu mweusi, Benjamin Singleton. Watu wake walimwita Pap, kama sisi tunavyomwita mtu Mzee.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1809 huko Nashville, Tennessee. Aliuzwa zaidi ya mara moja, akawa anatoroka. Mwaka 1846 akafanikiwa, akapitia Kanada, akaishia Detroit. Pale alipiga useremala na kuendesha nyumba ya kulala wageni, na humo humo akawa anawaficha watoro wenzake kimya kimya.

Vita vikaisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa, naye akarudi Tennessee. Jamani, hapa ndipo hadithi inapouma. Watu walikuwa huru kwenye makaratasi, lakini shamba lilibaki la bwana yule yule. Walilima kwa kugawana mavuno, na deni la dukani likameza fungu lao. Usiku wakavamiwa na magenge ya wazungu yasiyotaka wapige kura. Singleton alikuwa anatengeneza makabati na majeneza, kwa hiyo vifo hivyo hakuvisikia kwa jirani. Vilipita mikononi mwake.

Kwanza hakutaka kuhama. Mwaka 1874 yeye na mchungaji Columbus Johnson walianzisha chama cha kununua ardhi hapo hapo Edgefield, jirani na Nashville. Ikashindikana, maana wenye mashamba walitaka bei ambayo mtu aliyetoka utumwani juzi angeipata wapi? Ndipo akageukia Kansas. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu raia mtu mzima kupata ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, mradi akae na kulima miaka 5.

Mzee akachapisha vipeperushi na kufanya mikutano makanisani. Watu wake hawakwenda kwa magari ya ng'ombe. Walipanda meli za mvuke, kisha treni. Akasaidia kuanzisha makazi kaunti ya Cherokee, na mwaka 1878 mengine Dunlap, kaunti ya Morris. Maisha ya nyandani hayakuwa lelemama: upepo mkali, baridi, miti ya kujengea michache. Nicodemus, makazi mengine ya weusi yaliyoanzishwa Kansas mwaka 1877 bila yeye, watu walianza kwa kuishi kwenye mashimo waliyoyachimba ardhini.

Mwaka 1879 mambo yakalipuka. Maelfu kutoka Mississippi na Louisiana wakaanza kuhama, wakaitwa Exodusters, jina linalotokana na Kitabu cha Kutoka. Uvumi ukaenea kwamba nauli ni bure na shamba ni bure. Wapi! Wengi wakakwama St. Louis bila senti, wakalishwa na makanisa ya weusi wenzao.

Frederick Douglass, mtumwa mwingine wa zamani na mtu mweusi maarufu kuliko wote wakati huo, akapinga hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali iwalinde raia pale walipo, na kwamba wakihama wanatupa nguvu ya kura zao. Singleton hakukubali. Mwaka 1880 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, akadai kuwa yeye ndiye chanzo cha uhamaji wote. Hapo naona Mzee alitia chumvi, kwa sababu wengi wa mwaka 1879 walitoka majimbo ambayo yeye hakuwa na mtandao.

Kuna jambo jingine tusilifiche. Ardhi ya Dunlap ilikuwa ya watu wa Kaw, waliohamishwa na serikali mwaka 1873. Shamba la uhuru la mmoja lilikuwa nyumba aliyonyang'anywa mwingine.

Baadaye Singleton alikata tamaa hata na Marekani yenyewe. Mwaka 1885 akaanzisha chama cha kuwarudisha weusi Afrika, ila hakikumsafirisha mtu. Akafariki mwaka 1900 huko Kansas City, Missouri, akiwa na miaka kama 90. Wajukuu wa Dunlap wengi walihamia mijini, na leo makaburi ndiyo ushahidi mkubwa uliobaki.

Mimi nasimama na Singleton. Douglass alikuwa sahihi kwamba haki inatakiwa imfuate mtu alipo. Lakini huwezi kumwambia mtu asubiri haki wakati jeneza lake linapigwa misumari. Kosa lilikuwa kwa waliosambaza uvumi wa vya bure. Singleton yeye alituma watu kuikagua Kansas kwanza, ndipo akahubiri safari.

Wewe unasemaje? Kubaki na kupambana, au kufunga virago? Tupia maoni hapo chini, bila matusi tafadhali.