Norman Holter, aliyebebesha moyo redio

Mgonjwa anasikia moyo unaruka-ruka akiwa shambani ao akipanda mlima. Akifika kwa munganga, mashine inaonyesha kila kitu kiko sawa. Shida hiyo ndiyo ilimsumbua Norman Holter.

Alizaliwa mwaka 1914 huko Helena, Montana, Marekani. Hakuwa munganga hata, alisomea kemia na fizikia. Mwaka 1946 alikuwa Bikini, akipima mawimbi ya bahari kwenye majaribio ya bomu la atomiki. Kisha akajenga maabara yake kule kwao. Kwake, kumlaza mtu kitandani dakika chache hakutoshi: moyo upimwe mwenyewe akiendelea na kazi zake.

Mashine yake ya kwanza ilirusha alama za moyo kwa redio. Lakini uzito sasa! Kilo 38 hivi, mgongoni, na yeye mwenyewe aliibeba akikanyaga kinga ya mazoezi. Transista zilipokuja, mzigo ukapungua, kanda ikanasa mapigo kwa saa nyingi. Mwaka 1961 alieleza njia hiyo katika jarida la Science.

Alikufa mwaka 1983. Waganga wanaosema Kifaransa, wakimvalisha mgonjwa kifaa hicho saa 24, wanakiita Holter tu.