Blasio Kigozi: mtumishi aliyeanza na dhambi yake mwenyewe



Sisi wa Mumosho tukivuka Ruzizi tunafika Rwanda. Ni katika nchi hiyo, huko Gahini kando ya ziwa Muhazi, Mungu alimfundisha Blasio Kigozi somo ambalo linatuhusu hata sisi.

Blasio alikuwa Muganda, mdogo wake Simeoni Nsibambi. Mwaka 1929 aliacha kwao akaenda Gahini kufundisha katika misheni ya Waanglikana. Hakufuata mali. Aliomba, alihubiri, na alikemea dhambi bila kuogopa uso wa mtu. Mwaka 1934 akawekewa mikono kuwa shemasi. Lakini pamoja na bidii hiyo yote, mioyo ya wengi ilibaki migumu.

Kabla ya hapo, Yosiya Kinuka, mkubwa wa wafanyakazi wa hospitali ya Gahini, alikwenda Uganda kwa Nsibambi. Alipoeleza mabaya ya kazi yao, Nsibambi alimwonyesha kwamba ubaya ulianzia moyoni mwake yeye Yosiya. Maneno hayo yalimchoma, akatubu.

Ikafika zamu ya Blasio. Mwaka 1935 alijitenga karibu juma moja, akafunga na kuomba. Alikuwa akiomba Mungu awavunje wengine. Mungu akamvunja yeye kwanza. Alipotoka alimwomba msamaha mke wake, kisha akaungama mbele ya wale aliozoea kuwakemea. Tangu hapo mahubiri yake yalikuwa na nguvu mpya, maana watu waliona mwalimu amesimama pamoja nao chini ya msalaba. Mwaka huohuo alihubiri na wenzake katika mkutano wa Kabale, na wengi wakatubu.

Januari 1936 alikwenda Kampala kuita kanisa liamke. Homa ya papasi ikamshika, akafariki kabla ya kuzungumza. Lakini uamsho ulienea Afrika Mashariki yote.

Wapendwa, Farisayo yule hekaluni naye alifunga na kutoa zaka, akarudi nyumbani mtupu. Sisi tunaofunga, tunaokesha katika maombi, tujiulize: tunapoombea mume, jirani au mchungaji abadilike, je, tumemruhusu Bwana aanze nasi? Kama kuna mtu nyumbani anayengoja tumwombe msamaha, tusilale leo bila kumwendea.

Bwana atupe moyo uliopondeka. Amina.