Sayyidna Umar na Mgonjwa Aliyeambiwa Akae Nyumbani



Ndugu zangu, naandika makala hii kwa sababu ya mwanya mmoja kwenye safu. Tarehe 25 Julai 2024 Serikali ya Burundi ilitangaza kuwa mpox imeingia nchini, na Bujumbura yetu ikawa miongoni mwa sehemu zilizoguswa zaidi. Miezi michache baadaye ndugu yetu mmoja wa chuoni aliugua. Alikaa chumbani kwake kama alivyoagizwa, akapona, akaruhusiwa kurudi. Siku aliyorudi kuswali adhuhuri pamoja nasi alisimama kuliani kwangu, nami nikasogea pembeni. Imamu alihimiza tuzibe mianya. Sikuziba. Baada ya salamu, ndugu yule aliondoka bila kuzungumza na mtu.

Jambo hilo ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya Umar bin al-Khattab (r.a.). Alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Adiy, akawa adui mkali wa Uislamu kabla ya kusilimu, kisha akawa ngao ya Waislamu. Alishika ukhalifa mwaka 634 baada ya Abu Bakr (r.a.), akaongoza kwa miaka kumi. Sisi wanafunzi tunamtaja zaidi kwa kufunguliwa Sham, Iraq, Misri na Baitul-Maqdis. Mimi nilitaka kujua alivyoishi na wagonjwa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha tauni ya Amwas, mnamo mwaka 639 hivi. Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh, Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) na makamanda wengine walimpokea na habari kwamba tauni imeingia. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, hao wakakubaliana kwamba arudi na watu. Abu Ubayda alimuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kuwa anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia anayechagua bonde lenye majani na kuacha lililo kavu. Kisha Abdur-Rahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta ndani msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi Madina. Abu Ubayda alibaki na watu wake na akafa kwa tauni ile. Amr bin al-As (r.a.) alipochukua uongozi aliwaamuru watu watawanyike milimani, na habari ilipomfikia Umar hakuichukia.

Kisa cha pili kiko katika Muwatta ya Imam Malik. Umar alimwona mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba katikati ya watu. Hakumkemea wala hakumfukuza. Alimwomba asiwaudhi watu, akamwambia ingekuwa bora akikaa nyumbani kwake. Mama yule akakaa. Baadaye mtu mmoja alimpitia akamwambia kuwa aliyemkataza amekwisha kufa, basi atoke. Akajibu kwamba yeye si wa kumtii Umar akiwa hai kisha amuasi akiwa maiti. Hakukuwa na askari mlangoni pake. Alibaki ndani kwa sababu aliambiwa kwa heshima na alielewa sababu.

Lakini Umar hakuishia kuwaambia watu wakae. Al-Baladhuri anaeleza kwamba akiwa njiani kwenda Jabiya, upande wa Damascus, aliwapita Wakristo wenye ukoma, akaamuru wapewe sehemu katika sadaka na wawekewe chakula cha kudumu. Wala hawakuwa Waislamu. Kwa kiongozi aliyejinyima samli na maziwa mwaka wa njaa mpaka watu washibe, haishangazi. Alijua kuwa tumbo tupu humtoa mtu nje hata akiwa na homa.

Kisa cha nne ndicho kilichonichoma. Mu'ayqib bin Abi Fatima (r.a.) alikuwa miongoni mwa waliosilimu mapema, naye alipatwa na ukoma. Umar alimtafutia waganga, mpaka wakaja watu wawili kutoka Yemen waliomsugua nyayo kwa tunda chungu la handhali, na inasimuliwa kuwa ugonjwa haukuendelea tena. Mu'ayqib huyo ndiye aliyekuwa mwangalizi wa Baitul-mal. Khalifa alimwachia hazina ya umma, na alikula naye sahani moja. Leo tunajua kuwa ukoma unatibika, na mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena. Umar hakuwa na elimu hiyo, na bado hakumnyima mtu kazi yake.

Sasa tuirudie mpox. Mgonjwa mwenye hali nyepesi, kwa ushauri wa mganga, anaweza kukaa nyumbani. Awe na chumba chake. Na kama familia nzima inalala chumba kimoja, kama ilivyo kwa wengi Buyenzi, basi awe na godoro, shuka, taulo na sahani zake, afunike vidonda, dirisha liwe wazi, na mtu mmoja tu amhudumie huku akinawa mikono kwa sabuni. Muda wake haupimwi kwa kalenda peke yake. Mara nyingi ni wiki 2 hadi 4, lakini mpaka wake ni pale magamba yote yamedondoka na ngozi mpya imeota. Aliyemgusa mgonjwa ajichunguze siku 21, na akiona homa au kipele abaki nyumbani na akapimwe. Mpaka ule ukifika, umefika: arudi darasani, arudi sokoni, arudi kwenye safu.

Mama anayeuza ndagala hana mshahara wa kumngoja. Tukimwambia akae ndani wiki 4, nani ananunua unga? Hapo ndipo sadaka zetu za Ijumaa zina kazi. Napendekeza jumuiya yetu itenge fungu kwa ajili hiyo, na asiyekuwa Muislamu apewe pia, kama alivyofanya Umar.

Umar alichomwa kisu mwaka 644 katika swala ya alfajiri. Wapokezi wanasema ilikuwa desturi yake kupita kati ya safu akiwaambia watu wanyooke, na hakupiga takbira mpaka asione mwanya. Asubuhi ile pia aliswalisha hivyo.

Nimekwenda kwa ndugu yangu yule kumwomba msamaha. Alinisamehe, ila aliniambia kuwa wiki zile za chumbani hazikumuuma kama siku ile moja msikitini. Allah atusamehe na awaponye wagonjwa wetu. Amin.